Mashine ya Watu Sita

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Ninasema mapema ili mujue ni mutu wa namna gani anayewasimulia. Nimefundisha hapa Bunia miaka mingi, hata wanafunzi wangu wa kwanza sasa wananiletea watoto wao. Nina hasira ya karibu. Muke wangu anasema hivyo, na watoto wanasema hivyo wakizania sisikii. Lakini nina ugonjwa mwingine unaozidi hasira: hesabu yangu ikikubali, ninaona kama kila kitu kingine nacho kimekubali. Ninayoandika hapa ni juu ya hesabu moja niliyofanya kwenye ua wangu, ya kutafuta ukubwa wa mashine ya kulainisha maji. Kwa hesabu hiyo nilimupoteza dada yangu mukubwa.

Maji ya robine, bomba la muji, yalituchosha zamani. Yanakuja siku yanapojisikia. Kwa hiyo tulichimba forage, kisima kirefu cha bomba, ndani ya parsele, kiwanja chetu, tukaweka pompe ya jua, na tangi juu ya mbao. Siku maji yalipotoka mara ya kwanza majirani walikuja kutazama, na mimi nilisimama pale kifua mbele, kana kwamba mimi ndiye niliyeyaumba. Yalikuwa maangavu na baridi. Kumbe yalikuwa na chokaa. Sabuni ilikataa kutoa povu, ikageuka uji mweupe juu ya beseni. Birika ikaota ganda ndani. Kola za shati za watoto zikawa na rangi ya majivu, na ile chuma ya kuchemusha maji ya kuoga ikafa mara mbili katika mwaka mumoja. Mimi nilisema ni sabuni mbaya ya siku hizi.

Aliyejua ugonjwa wa yale maji alikuwa Yaya. Siye wa hapa, ndugu mukubwa tunamuita hivyo, na mimi sikumuita kwa jina tangu nizaliwe. Mama yetu alikufa nikiwa mudogo. Yaya akaacha masomo kwenye darasa la tano ili mimi niendelee, akanibeba mugongoni mupaka miguu yangu ilipoanza kugonga magoti yake. Aliolewa upande wa Fataki, akazeeka kule, akawa na ngombe wake na shamba lake la viazi. Kisha vita ikaharibu mambo kule kwao Djugu kama munavyojua, na asubuhi moja akatokea kwenye mulango wangu na wajukuu watatu na sufuria moja. Mama ya wale watoto, binti yake, alikuwa ameshavuka ziwa kwa Mahagi-Port kutafuta maisha upande wa Uganda. Nikawapa chumba cha nyuma. Nilisema karibuni, na nilisema kwa moyo, hilo Mungu analijua.

Watu wanasema mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Yaya hakungoja apewe. Siku ya pili alilikuta nyuma ya nyumba, akapalilia mihogo ya muke wangu mupaka mwisho wa parsele. Juma la kwanza lile lile alipika maharagi, akakaa na yale maharagi tangu saa nane mupaka jua likainama, makala ya moto ikaisha, na maharagi bado yanagonga ukuta wa sufuria. Akacheka peke yake. Aliniambia kwamba kwao maji ya chemchem ya mulima yanaivisha maharagi kabla mutu hajamaliza kusuka nywele za mutoto mumoja, lakini haya yangu yanapika mawe. Nilikasirika kidogo, maana forage ilikuwa yangu. Lakini ndiyo siku nilipoanza kuuliza watu juu ya maji yenye chokaa.

Miaka miwili ikapita hivyo. Na katika miaka hiyo miwili siye tuliwaita wageni. "Chumba cha wageni." "Sahani za wageni." Hatukuwa na ubaya. Kila mwezi mutu alifika kutoka kule akasema barabara imetulia, watu wanarudi kulima. Yaya anaanza kufunga vitu vyake. Juma lingine anafika mutu mwingine na habari nyingine, na Yaya anavifungua. Kwetu haiulizwi mugeni atarudi lini. Ukimuuliza, umemufukuza. Na mugeni naye haulizi kama anaweza kubaki, maana akiuliza amejigeuza ombaomba. Basi tunakaa pale wote, kila mutu anachunga mudomo wake, na jambo lenyewe linakaa katikati ya nyumba bila mutu wa kuligusa.

Fundi aliletwa na muke wangu. Alikuwa mufanyabiashara wa Butembo aliyehamia hapa, muuza pompe na paneli za jua, mutu mupole, ana kalamu nyuma ya sikio muda wote. Alikuja siku ya mukutano wa wazazi, mimi nimerudi nyumbani nimechoka na maneno ya watu. Akachota maji yetu kwenye kichupa kidogo, akatia dawa, maji yakawa mekundu. Kisha akaanza kudondosha dawa nyingine tone kwa tone, akihesabu kwa Kifaransa. Alituambia yale mekundu yatageuka ya bluu, na idadi ya matone ndiyo ukali wa chokaa. Watoto wote wakaja, wangu na wa Yaya, wakahesabu naye. Yalipogeuka, yule fundi alitikisa kichwa kama daktari anayetazama jino lililooza. Mimi nilipenda ile kazi, lazima niseme. Ilikuwa mara ya kwanza kuona fundi wa Bunia anapima kabla ya kusema bei.

Akatueleza. Ndani ya mashine kuna punje ndogo za rangi ya asali, zinakamata chokaa. Zikishiba, haziwezi kukamata tena, na mashine inazisafisha kwa maji ya chumvi, zinaanza upya. Ukichukua mashine ndogo kuliko nyumba yako, punje zinashiba mapema na chokaa inapita. Ukichukua kubwa kuliko nyumba yako, maji yanalala ndani na kuoza. Lazima iwe ya kipimo. Na kipimo ni hesabu nyepesi tu: watu wa nyumba, mara maji ya mutu mumoja kwa siku, mara yale matone. Alikuwa na mashine mbili, ndogo na kubwa. Akatoa kalamu nyuma ya sikio, akaniuliza.

"Mwalimu, muko watu ngapi mu nyumba?"

Yaya alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko, beseni ya sombe mapajani, mikono inachambua majani ya muhogo. Hatua nne, tano hivi, kutoka pale tuliposimama.

"Tuko sita," nikasema.

Fundi akaandika sita. Nilisikia kwa nyuma yangu mikono ya Yaya inaendelea na majani, haikusimama hata kidogo, na nikajiambia hakusikia. Muke wangu alinitazama. Mimi nilikuwa ninatazama karatasi ya fundi, nikimusahihisha pale alipokosa kubeba moja.

Mara nyingi nimejiuliza ile sita ilitoka wapi. Hapa Bunia mutu akikuuliza idadi ya watu wa nyumba yako, unamutazama kwanza. Akiwa wa musaada unaongeza. Akiwa wa kodi, ao akiwa mutu humujui, unapunguza. Tumezoea hivyo tangu vita vya zamani, na labda ulimi wangu ulijiendea wenyewe. Lakini ninajua pia mambo mengine, na nitayasema yote maana nimeshaanza. Mashine kubwa ilikuwa na bei ya kuuma. Hilo moja. Na lingine ni kwamba kununua mashine ya kumuhesabu Yaya ilikuwa ni kusema mbele ya watu kwamba hatarudi tena kwake, kwamba shamba lake na kaburi la mume wake na ile njia ya kwenda chemchem vimekwisha. Mashine ile inaishi miaka kumi, fundi alisema. Sikuweza kumuandikia Yaya miaka kumi ya ukimbizi. Ningeweza kumwambia hivyo. Sikumwambia. Mama yetu, Yaya aliniambia, alizoea kusema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa ulimi kisha nikaficha jeraha.

Mashine ndogo ikafungwa chini ya tangi, nguzo moja ya bluu na sanduku la chumvi kando yake. Fundi aliitega ijisafishe kila siku ya sita. Siku tatu za kwanza ilikuwa sikukuu. Sabuni ilitoa povu mupaka muke wangu akapiga kelele watoto waache kucheza nayo. Maharagi yaliiva. Yaya alikuja kunipongeza, akasema mutoto aliyemubeba mugongoni amekuwa mutu wa kuleta chemchem nyumbani. Alisema bila kunitazama sana, lakini mimi pongezi nikipewa sichunguzi.

Siku ya nne uji mweupe ukarudi kwenye beseni. Nikamuita fundi kwa hasira. Akaja, akapima tone kwa tone, akasema punje zimeshiba, maji yanayotumika hapa si ya watu sita. Alisema polepole, akitazama kamba ya nguo: pale kulikuwa na nguo za watu tisa, mutu yeyote mwenye macho angeziona. Nikamwambia hesabu nilifanya mimi na hesabu haina kosa, tatizo ni matumizi mabaya. Akarudisha kalamu nyuma ya sikio na kwenda.

Basi nikafanya kile mwalimu anachofanya darasa likimushinda. Nikaandika sheria. Karatasi kubwa, kalamu nyekundu, nikaibandika juu ya robine: kufua siku ya kwanza na ya pili tu baada ya mashine kujisafisha, kuoga ndoo moja kila mutu, maji ya kunyweshea bustani, hapana. Nilipoona juma lililofuata maji yamekuwa magumu tena siku ya nne, nilisimama katikati ya ua saa sita za muchana na kuuliza kwa sauti ni nani anayemaliza maji ya nyumba hii. Watoto wangu walikimbilia ndani. Yaya alikuwa anafua nguo za mujukuu wake mudogo, yule aliyekuwa akilowesha kitanda tangu walipokimbia. Alikamua ile shuka, akaianika, akamwaga maji ya beseni taratibu kwenye shina la muparachichi. Mimi nikaingia kula.

Na munajua nini? Mashine ikakubali. Juma lililofuata maji yalikuwa laini siku ya nne, siku ya tano, mupaka siku ya sita. Juma lingine vilevile. Nilifurahi kupita kiasi. Kule kwenye chumba cha walimu niliwachorea wenzangu ubaoni ile hesabu yote, watu mara maji mara matone, nikawaambia shida ya nchi yetu siyo mashine, ni kukosa nidhamu. Mwenzangu mumoja wa jiografia aliniuliza kama siye kwangu hatukuwa na wageni kutoka Djugu. Nikasema wapo, lakini hawa ni wa kupita. Nilisema hivyo nikiwa na chaki mukononi.

Haikupita hata mwezi. Siku hiyo shule ilifunga mapema kwa sababu ya kifo cha mwenzetu, na siye tulikwenda kwenye kilio kwa miguu, tukapita bondeni ambako kuna chemchem ya kata, bomba mbili zinatoka kwenye ukuta wa sementi na mustari wa bido za njano za kuchotea maji mupaka barabarani. Nikaona kitambaa cha kichwa ninachokijua. Yaya alikuwa amepiga magoti juu ya jiwe, goti lake moja lililo bovu limewekewa gunia chini yake, anafua. Wajukuu wawili walikuwa kwenye mustari na bido. Nguo zao zote zilikuwa pale, na sahani, na ile shuka. Wenzangu walimusalimia kwa heshima wakapita, mimi nikabaki.

Nilimuuliza anafanya nini pale, na sauti yangu ilikuwa ya hasira, hata siku ile. Aliniambia jua ni kali, niende kwenye kilio, nisichelewe.

"Yaya, maji iko nyumbani."

"Ile ni ya watu sita," akasema. "Tukiinywa siye, watoto wako watafua na nini?"

Hakusema kwa kunichoma. Ningependa angenichoma. Alisema kama mutu anayekueleza kwamba gari limejaa na yeye atangoja lingine, kisha akachukua sabuni na kuendelea na kola ya shati ya mujukuu. Nilisimama pale nikiwa na viatu vyangu vya kilio, na watu wa mustari wakanitazama. Nikasema tutaongea nyumbani. Kwenye kilio sikumulilia marehemu, nilijililia mimi, na watu wakazania tulikuwa marafiki wakubwa.

Nilipofika nyumbani nilimugeukia muke wangu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alikuwa anakaanga, hakuzima moto wala hakuinua sauti. Alisema wanakwenda kule tangu siku nilipopiga kelele uani, asubuhi nikishatoka, na wanarudi kabla sijafika. Yaya alimwapisha asiniambie. Kisha akaweka mwiko chini.

"Ulihesabu mutoto wako wa Kisangani," akasema. "Yeye hata tone moja hakunywa hapa tangu sikukuu. Yule ulimuhesabu."

Binti yetu wa kwanza anasoma Kisangani. Ni kweli, nilimuhesabu. Sikufikiria hata kidogo. Nilihesabu watoto wangu wane kama mutu anavyohesabu vidole vyake, na mutu aliyenibeba mugongoni alikuwa ameketi hatua tano kutoka kwangu na beseni ya sombe. Nilitoka nje nikaing'oa ile karatasi ya sheria. Hiyo ndiyo toba niliyoweza siku ile, kung'oa karatasi.

Mutu mwingine angeingia chumba cha nyuma, akaketi kwenye mukeka, akasema Yaya nimekosa. Ni maneno mawili. Mimi nilikwenda dukani kwa fundi nikaagiza mashine kubwa. Niliona itanisemea. Siku itakapofungwa, niliwaza, Yaya atauliza kwa nini mashine nyingine, na mimi nitamwambia hii ni ya siye wote, na jambo litakuwa limekwisha bila mutu kujivua nguo. Fundi alisema itatoka Kampala, tungoje majuma kadhaa. Nikangoja. Nyumbani nilikuwa mupole ajabu, nikamusifia Yaya chakula, nikawanunulia wajukuu madaftari. Aliona ule upole. Naamini aliuona kuwa ni upole wa mutu anayemusindikiza mugeni.

Aliondoka siku ya soko. Aliamuka, akafagia chumba cha nyuma, akapiga maji sakafu, akakunja mablanketi yetu na kuyapanga juu ya kitanda, makubwa chini, madogo juu. Alimwambia muke wangu anakwenda kutembea, kuwasalimia watu wa kwao walio kwenye kambi ya wakimbizi pembeni ya muji. Muke wangu aliona mufuko, akaona watoto wamevaa nguo mbili mbili, akaelewa. Alimushika mukono. Yaya alimwambia asinitumie ujumbe shuleni, wanafunzi wana mutihani. Mimi nilirudi saa nane, nikakuta chumba kinanuka sabuni.

Nitasema nilichofanya: sikwenda. Muke wangu alikwenda kila juma na unga na mafuta, akarudi kila mara na salamu. Watoto wangu walikwenda. Mimi nilisema nitakwenda mashine ikifika, nikiwa na kitu cha kuonyesha. Majuma matatu niliongea na Yaya ndani ya kichwa, njiani kwenda shule na njiani kurudi, na kila mara nilikuwa na jibu la kila neno lake. Kwenye yale mazungumuzo nilishinda kila siku.

Mashine kubwa ikafika. Fundi akaifunga, akachukua ile ndogo, akaenda. Siku chache baadaye maji yakaanza kutoa harufu kidogo, ya kitu kilichofungiwa. Nikamuita tena. Akatoa kifuniko, akanusa, akatazama kamba ya nguo kama alivyoitazama siku ile, na safari hii ilikuwa na nguo za watu watano. Aliniambia mashine haina ugonjwa wowote. Maji yanalala ndani yake, hayana watu wa kuyatumia.

"Mwalimu," akasema, "hii inataka watu."

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumuziko. Nikavaa shati nzuri, nikapanda moto ya taksi, yaani pikipiki, mupaka kwenye ile kambi. Sikuwa nimewahi kuingia. Mahema yamebanana, kamba za kila hema zinavuka njia ya hema lingine, na mutu anatembea akiinua miguu. Niliuliza watu wa Fataki, wakanionyesha upande wa robine. Yaya alikuwa kwenye mustari, bido mbele yake, anaisukuma kwa muguu kila mustari unaposogea. Alikuwa amekonda. Aliponiona alitabasamu kwa furaha ya kweli, akaomba mwenzake amushikie nafasi, akanivuta pembeni kwenye kivuli cha turubai, akaniuliza juu ya mutihani wa wanafunzi.

Nikamwambia nimenunua mashine kubwa. Maneno yalinitoka yote kwa mara moja. Nikamuelezea punje ni nyingi mara mbili, inakaa juma zima kabla ya kujisafisha, wote watafua siku yoyote wanayotaka, na yule mudogo hata akilowesha kitanda kila siku hakuna shida. Yaya alinisikiliza mupaka mwisho, ndiyo adabu yake. Akasema ni vizuri, watoto wangu wataoga muzuri. Nikasema turudi nyumbani, moto ya taksi inangoja, nitaita na ya pili. Akatazama bido yake kwenye mustari.

"Hapa walituuliza mara moja tu," akasema. "Nikasema wane. Wakaandika wane."

Hapo ndipo nilipolia, mwanaume mwenye mvi, mbele ya mustari wa watu wenye bido. Nikasema hatimaye. Nikasema Yaya nimekosa, unisamehe, niliogopa kusema kwamba hautarudi tena kwako, na niliogopa bei, vyote viwili. Alinifuta uso kwa pembe ya kitenge chake. Alisema alinisamehe siku ile ile, kabla hajamaliza kuchambua yale majani, kwa sababu ni yeye aliyenilea na anajua kichwa changu. Nilipumua. Nikashika mufuko wangu nione simu ya kuita moto ya pili.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kama yule fundi anakuja leo, anakuuliza muko ngapi. Unasema ngapi?"

Aliuliza kwa upole, kichwa amekiinamisha kidogo, na macho yake yalikuwa yananiomba. Lilikuwa swali jepesi. Mutoto wa darasa la kwanza angelijibu bila kufikiri. Lakini mimi sijawahi kutoa namba ambayo sijaihakikisha, na nilitaka mara hii, mbele yake, nisikose hata mutu mumoja. Nikaanza na siye watano tunaolala nyumbani. Binti wa Kisangani, nimutie ao nimuache? Yaya, mumoja. Wajukuu watatu. Na mama yao, kama siku moja akivuka ziwa kurudi, naye nimuweke?

Haikuchukua hata muda wa kumeza mate. Nilipoinua macho ili nimujibu, niliona kwamba Yaya hatazami uso wangu tena. Alikuwa anatazama mukono wangu wa kuume, kidole gumba kinagusa vidole vingine, kimoja kimoja.

Nikasema kumi. Nikasema tena, kumi, Yaya, tuko kumi. Alikuwa amesharudi kwenye mustari, ameshamushukuru yule aliyemushikia nafasi, na bido yake ilikuwa imeshafika mbele.